Taa ya Friji

Mmeuliza wiki hii: ni filamu gani ya kutisha ambayo haijakutoka kichwani, na kwa nini? Yangu ni ya zamani, Wait Until Dark ya mwaka 1967. Audrey Hepburn anaigiza kama Susy, mwanamke aliyepofuka kwa ajali. Yuko peke yake nyumbani mjini New York, mumewe kaondoka, na wanaume watatu wanamzunguka kwa hila wakitafuta mwanasesere aliyefichwa dawa za kulevya. Mmoja wao, Roat, ni muuaji. Simu imekatwa waya.

Niliitazama kwenye simu chumbani kwangu Nyegezi, jijini Mwanza, na sikuimaliza usiku ule. Mama yangu haoni. Presha ya macho ilimla kidogo kidogo, na tangu baba afariki anaishi peke yake kule Kayenze, kando ya Ziwa Victoria, nyumba ya mwisho kabla ya kushuka mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga.

Filamu nyingi za wavamizi humfanya asiyeona kuwa mtu wa kupapasa kuta na kulia tu, na hilo huniudhi sana. Susy si hivyo. Wanakuja wageni wawili kwa nyakati tofauti, mzee na mwanawe, lakini yeye anasikia kiatu kilekile kikilia, anajua ni mtu mmoja. Mwisho anavunja balbu zote. Gizani yeye ndiye mwenyeji.

Ila kasahau friji. Roat anafungua mlango wake, na kale kataa ka ndani kanamwanika Susy chumba kizima.

Hapo ndipo niliposimamisha. Nilikumbuka taa ya sola.

Nilimnunulia mama mwaka juzi, baada ya wezi kuvunja nyumba ya tatu kutoka kwake na kubeba betri na nyavu. Niliitundika mwenyewe sebuleni, juu ya kiti chake, iwake hadi asubuhi. Yeye hana haja nayo! Muda wote huo, yeyote aliyesimama dirishani aliweza kumwona alipokaa na anapoelekea.

Jumamosi nikaenda. Giza lilipoingia nikaizima, nikakaa. Mama akaendelea kupara sato wake, magamba yakiruka beseni, akapima chumvi kwa vidole vitatu, akabandika sufuria. Nilipoinuka kumpokea mwiko nikajigonga kwenye stuli.

“Kaa, mwanangu, utajiumiza,” akasema.

Nikamuuliza, akija mtu usiku je? Akajibu bila kugeuka: “Mlango wa nyuma unakwaruza sakafu kabla haujafunguka. Nikiusikia napiga mwano.”

Mwano, kwa wasio Wasukuma, ni yowe la hatari. Likipigwa, majirani wanatoka na fimbo, na walio mbali wanalipokea na kulipeleka mbele. Susy hakuwa na kitu hicho. Aliyemsaidia alikuwa binti mdogo wa ghorofa ya juu, mmoja tu. Nadhani ndiyo sababu filamu ile inanitisha kuliko zenye damu nyingi: mji mzima uko nje ya mlango, na hakuna anayetoka.

Tukaihamishia taa nje, chini ya paa, ikitazama njia ya majirani. Sebule ikabaki giza, yake.

Siku hizi jua likizama mama hutoka, hubonyeza swichi, kisha humuuliza mtoto yeyote anayepita na ndoo kutoka ziwani: “Inawaka?”