Usilaze cheni bloku kwenye oili (kwa aliyeuliza ya gereji)

Itoe hiyo cheni bloku, mashine ya kunyanyulia mizigo kwa kuvuta cheni, kwenye ndoo ya oili. Itoe kwanza, ndiyo urudi usome.

Umeuliza mengi mkuu: tani 1 au tani 2, cheni ya mita 3 au 5, mpya au ya mtumba, bei, na uifunge wapi. Mimi nimekwama pale mwisho, ulipochomekea kama jambo dogo tu kwamba hiyo uliyonayo sasa "inapiga kelele, fundi kaniambia niilaze kwenye oili chafu usiku mmoja iwe laini." Chai imenipalia. Maneno hayo nimeshauziwa, na yalinila milioni mbili na laki nne.

Ilikuwa hivi. Nilinunua tani 2 ya mtumba kwa mzee mmoja muuza vyuma chakavu. Nikaijaribu palepale, inalia krii-krii-krii kama mlango wa mganga. Nikasema hii imekauka. Mzee akacheka, akaniambia, "Chuma kwa chuma kinataka oili, kijana." Mimi nikaona hekima. Nikaenda kufungua mfuniko wa upande wa cheni ya mkono, ile unayoivuta, nikamimina oili ya gari mpaka ikachuruzika chini. Kesho yake ikawa kimya, laini, spana boi wangu anavuta kwa mkono mmoja anaimba. Nilijisifu kwa majirani, Mungu anisamehe.

Wiki hiyohiyo ikaja Fuso ya mteja, injini inatoka. Kama nusu tani hivi. Tani 2 inabeba nusu tani, nani angeogopa? Tukaipandisha mpaka ikavuka bampa, gari tukalisukuma nyuma, injini ikabaki inaning'inia kifuani kwangu. Nikamwambia kijana, "Mbona unashusha? Sijasema shusha." Akanijibu, "Bosi, mimi sijashika cheni." Nikamtazama. Mikono yote miwili ilikuwa na andazi.

Mwanzoni ilishuka taratibu, kama inafikiria. Halafu ikaamua. Mimi, mtu mzima mwenye watoto, nikaweka mabega chini ya injini niizuie, kana kwamba nusu tani ingenihurumia. Kijana ndiye aliyenivuta shati. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ikapasuka, hausingi ya flaiwili ikachanika, pampu ya dizeli ikakatika sikio. Vyote vya mteja, vyote nikalipa. Shati pia lilichanika ila hilo sikuliweka kwenye hesabu.

Sasa sikiliza kwa nini, maana yule mzee hakunieleza na fundi wako hatakueleza. Ndani ya lile gurudumu la cheni ya mkono kuna skrubu. Ukivuta kupandisha, gurudumu linajikaza kwenye skrubu na kuzibana diski za breki kwenye gurudumu la meno lililo katikati. Ukiachia, mzigo unataka kurudi chini, na kule kutaka kurudi ndiko kunakoikaza skrubu zaidi. Mzigo unajifunga breki wenyewe! Kuna na kijino chenye springi kinachozuia lile gurudumu la meno lisirudi kinyume. Hiyo krii-krii ni kijino kinaruka kutoka jino hadi jino. Ni sauti ya uzima. Ukishusha hutaisikia, na ni sawa, lakini ukipandisha kimya, ondoa miguu hapo chini.

Diski hizo zinashika kwa msuguano. Zipake oili, halafu uzidai zishikilie injini: ni kumshika kambale kwa mikono yenye sabuni. Na oili chafu nzito inakigandisha kijino kisidondoke kwenye jino. Ule ukimya niliousifia ulikuwa huo.

Najua kuna mjuaji atakuja kusema cheni inatakiwa ipakwe oili. Ndiyo, cheni ya mzigo, ile inayobeba ndoano, kidogo, pale pingili zinaposuguana. Gia nazo zina grisi yake. Nasema BREKI.

Nilirudi kwa yule mzee nikiwa na pedi, yaani zile diski za breki, mkononi zinachuruzika. Unajua alisemaje? "Oili yako ilikuwa nyepesi mno. Ungeweka grisi." Watu wa hivi wanaota mvi bila kuuliza lolote. Hajawahi kunyanyua hata debe la mahindi kwa hiyo mashine, anauza tu, na ushauri anaugawa bure kwa sababu bei yake tunalipa sisi.

Na usidhani utaziosha. Nilizisugua kwa petroli, nikazianika juani siku mbili, nikajaribu na gunia la chuma chakavu. Likashuka tena. Zilikuwa zimeshainywa. Nilifunga pedi mpya ndiyo ikatulia.

Tangu hapo gerejini kwangu kuna sheria ya vidole vinne. Mzigo wowote, hata kama jana tulinyanyua mwingine: upandishe vidole vinne tu kutoka ulipokaa, weka alama ya chaki kwenye pingili inapoingilia kwenye bloku, halafu ondokeni wote mkanywe chai. Dakika kumi. Mkirudi, chaki ikiwa imesogea, shusheni mzigo, siku imeisha. Wateja wanachukia, wanasema nawapotezea muda. Ile chai inapima breki, inapima ndoano, na inapima kile ulichoifungia, ambacho kwako naona unataka kiwe kenchi la mbao. Mkuu, kenchi limejengwa libebe bati. Tafuta miguu mitatu ya bomba nene, uifunge cheni chini isitanuke.

Tani 1 ingetosha kwa injini peke yake, ukitoa na gia bokisi nenda 2. Na mtu mmoja akishindwa kuvuta cheni ya mkono usimwongezee wa pili, mzigo umezidi au kuna kitu kimenasa.

Umeshaitoa kwenye ndoo? Fungua mfuniko upige picha ya hizo pedi uweke hapa, tuone kama zimepona.