Luku yetu inakimbia, au kuna mtu anakula umeme?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Tabata, Dar es Salaam. Tumepanga familia tatu nyumba moja na luku ni moja. Tulipohamia, umeme wa elfu kumi ulikuwa unatoa uniti 82. Siku hizi elfu kumi hiyohiyo inatoa uniti 28, na tukinunua mwanzo wa mwezi zinatoka 23 na kitu. Hazimalizi siku tano. Lawama zote ni zangu kwa sababu mimi ndiye mwenye friji. Chumba cha pili wana hita ya kuchovya kwenye ndoo na pasi, wa tatu ana tivii, king'amuzi na redio kubwa. Feni kila mtu anayo. Je, umeme umepanda bei? Mita inaweza kuwa inakimbia? Na nitajuaje friji yangu inakula kiasi gani, nipate kupumua humu ndani?

JIBU: Salama, dada. Pole na maneno ya nyumba ya kupanga. Umeuliza mambo matatu na majibu yake hayafanani, kwa hiyo nianze na lile la bei, ambalo halina ugomvi.

Umeme haukupanda. Nyinyi ndio mmehama kundi. TANESCO, shirika la umeme, ina kundi la D1, la wateja wa majumbani wenye matumizi madogo, ambao wastani wao hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Kwa jedwali la bei lililoanza Aprili 2016, hao wanauziwa uniti kwa shilingi 100. Wengine wa majumbani na biashara ndogo wako T1, na uniti yao ni shilingi 292. Juu ya bei hiyo huongezwa VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati na maji (EWURA) asilimia 1, jumla asilimia 22. Kwa hiyo uniti ya D1 inakufikia kwa shilingi 122, na ya T1 kwa shilingi 356 na senti kidogo. Chukua 10,000 ugawe kwa 122, utapata 82. Igawe kwa 356, utapata 28. Ndizo namba zako zilezile ulizoniandikia.

Hizo 23 za mwanzo wa mwezi ni kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia luku, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Elfu kumi ikitolewa 1,500 inabaki 8,500, na 8,500 kwa bei ya T1 ni uniti 23.9. Ukikaa miezi miwili bila kununua, siku ukinunua zinakatwa zote kwa mpigo, ndiyo maana kuna mtu ananunua umeme wa elfu tano anapata kama wa bure wa kuonja. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye nyumba. Wapangaji wenye akili wanatunza meseji za tokeni na kukatana naye siku ya kulipa pango.

Sasa angalia jambo ambalo naona hamjaliona. Uniti 28 ndani ya siku tano ni uniti 5.6 kwa siku, yaani kama 168 kwa mwezi. Gawanya kwa familia tatu: 56 kila mmoja. Kila familia peke yake ni mtumiaji mdogo kabisa, chini ya 75, lakini mita haijui kuhesabu familia, inahesabu uniti. Mko watu watatu wa D1 mnaolipa bei ya T1 kwa sababu mnapita mlango mmoja. Uniti 168 kwa T1 ni karibu shilingi 59,800. Uniti hizohizo zikipita kwenye luku tatu za D1 ni shilingi 20,500. Tofauti ni 39,000 na ushee kila mwezi. Kuunganishiwa luku mpya mjini, pale pasipohitaji nguzo, ni kama laki tatu na ushee. Pigeni hesabu, mwende kwa mwenye nyumba mkiwa na karatasi mkononi. Najua wenye nyumba wengi hawataki mambo ya kupitisha waya upya, lakini mkijitolea kuchangia na kukatana kwenye kodi, nimeona wakilegea.

Hilo la friji sasa.

Watu wengi hupima ulaji wa umeme kwa ukubwa wa kitu au kwa kelele yake. Redio kubwa inatetemesha ukuta, basi hiyo ndiyo mwizi. Friji imesimama kama kabati na haizimwi, basi ni yenyewe. Kumbe mita haijali umbo. Inazidisha wati kwa saa, basi. Wati 1,000 zikiwaka saa moja ni uniti moja, na wati 100 zikiwaka saa kumi ni uniti moja vilevile. Na katika vifaa vya nyumbani, vyenye wati nyingi karibu vyote ni vile vinavyopasha joto: hita, pasi, jagi la umeme, jiko la koili, hita ya bafuni. Kinachotoa mwanga, picha au sauti kinakula kidogo.

Usiniamini mimi, iamini mita yenu. Tazama usoni mwake, kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni pameandikwa namba ikifuatiwa na imp/kWh. Namba hiyo ni idadi ya mipepeso kwa kila uniti moja. Nyingi huandikwa 1000, nyingine 1600, na nyingine namba tofauti na hizo. Sasa fanya hivi jioni moja wote mkiwepo, tena muhimu wote wawepo, maana ukipima peke yako hakuna atakayekubali majibu. Zimeni kila kitu na mchomoe kwenye soketi. Acheni friji tu, ikiwa inaunguruma. Shika simu, fungua saa ya kuhesabu sekunde, anza taa inapopepesa, simamisha inapopepesa tena. Kama mita yenu ni ya 1000, gawa 3,600 kwa sekunde ulizopata. Kama ni ya 1600, gawa 2,250. Jibu ni wati. Kwa namba yoyote nyingine, gawa 3,600,000 kwa namba hiyo kwanza, halafu ugawe kwa sekunde.

Tuseme ni mita ya 1000 na umesubiri sekunde 30. Hiyo ni wati 120. Friji haiungurumi muda wote, inapumzika, na kwa joto la Dar friji ya kawaida iliyo nzima inaweza kufanya kazi nusu ya siku. Wati 120 kwa saa 12 ni uniti 1.44, kama shilingi 510 kwa siku. Kwa hiyo, dada, friji yako si malaika. Katika zile uniti 5.6 za siku inaweza kuwa na robo yake. Lakini robo si zote. Na kama mpira wa mlango umelegea, au umeibana ukutani haipati hewa nyuma, itaunguruma usiku na mchana na robo itakuwa nusu. Bana karatasi kwenye mlango uufunge, kisha uivute. Ikitoka kama imepakwa mafuta, mpira umekwisha.

Halafu chomekeni hita ya jirani, ikiwa ndani ya maji, friji ikiwa imezimwa. Hapo hutahitaji kusubiri. Hita ya wati 1,500 kwenye mita ya 1000 inapepesa kila baada ya sekunde 2.4, kabla hujavuta pumzi. Hesabu mipepeso kumi upate sekunde 24, ni rahisi kuliko kuwahi mmoja. Kwenye friji mlikuwa mnangoja mpaka mtu anaanza kupiga miayo, hapa taa inakimbia. Kwa uzoefu wangu kikao cha namna hii kinamaliza kesi kuliko hotuba.

Kuhusu hita yenyewe, mwambie jirani kwa upole, kwa sababu kosa si kuwa na hita, ni namna ya kuitumia. Ndoo ya lita 15 yenye maji ya bomba ya nyuzi 27 ukitaka iwe ya kuogea, nyuzi 42 hivi, inahitaji uniti 0.26, kama shilingi 93. Hita ya wati 1,500 inafanya hivyo kwa dakika kumi au kumi na moja. Lakini watu wanaichovya, wanaenda kuswaki, wanapiga pasi, wanatafuta soksi za mtoto, wanarudi maji yanatokota. Kuifikisha ndoo hiyohiyo kwenye kuchemka ni uniti 1.27 na karibu dakika 50, shilingi 450. Kisha nusu inamwagwa au inaachwa ipoe. Ndoo moja iliyochemka, ikichanganywa na maji ya bomba, inatosha kuogesha karibu watu watano. Kama anachemsha, achemshie wote. Kama ni yeye peke yake, aweke kengele ya simu dakika kumi.

Hapohapo niseme la hita ya bafuni, ile inayofungwa juu ya bomba, maana nina hakika kuna wasomaji wengine wanaisoma barua hii wakijiona wako salama. Zile ni wati 3,500 mpaka 5,500. Ya wati 4,500 kwa dakika kumi ni uniti 0.75, shilingi 267. Watu wanne kila siku ni elfu 32 kwa mwezi, ya kuoga tu.

Redio ya mpangaji wa tatu muiache. King'amuzi chake je? Vipo vinavyokula wati kumi na zaidi hata ukivizima kwa rimoti, na wati 12 usiku na mchana ni uniti 8.6 kwa mwezi, elfu tatu. Azime ukutani. Chaja ya simu inayobaki kwenye soketi inasingiziwa bure, haifikishi hata nusu uniti kwa mwezi. Feni ya wati 50 kwa saa nane ni uniti 0.4, na kwa Dar ya Februari simwambii mtu azime feni.

Limebaki swali la mita kukimbia. Mita yenyewe kukosea inatokea, ila mara chache sana. Ninachokutana nacho mara nyingi ni umeme unaovuja. Niliwahi kuitwa nyumba moja huko Mbezi, wapangaji wamekwishaitana kwa mjumbe kwa sababu ya friza la mama mmoja anayeuza barafu. Nikazima kila kitu, friza lenyewe nikalichomoa. Taa ya mita ikaendelea kupepesa, kila baada ya sekunde nane, taratibu kama inanicheka. Sekunde nane kwa mita ile ni wati 450. Nyumba nzima giza, na uniti 10.8 zinaondoka kila siku, karibu 3,850. Nilifuata sakiti moja moja mpaka nikaufikia waya wa taa ya geti, uliopitishwa ndani ya ukuta unaolowa maji ya bafu la nje. Ganda lilikuwa limechubuka na umeme unaingia ukutani. Sakiti breka haiwezi kuona hilo, inangoja ampea nyingi na hizi zilikuwa mbili tu. Kilichopaswa kukata ni RCD, kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, na RCD ilikuwepo, ila fundi aliyenitangulia aliiruka kwa waya kwa sababu ilikuwa "inasumbua, inakata kata." Ilikuwa inawaambia.

Kwa hiyo jioni hiyohiyo, kabla ya kuanza na friji, pima ukiwa umezima kila kitu. Baadhi ya mita taa hukaa imewaka tu pasipo matumizi, hiyo isikutishe, unachotafuta ni kupepesa. Ikiendelea kupepesa, zima swichi kuu. Ikinyamaza, tatizo liko kwenye nyaya zenu za ndani, mwite fundi mwenye leseni siku hiyohiyo, msingoje mwisho wa mwezi. Isiponyamaza hata swichi kuu ikiwa imezimwa, kasoro iko kabla ya swichi, ama kuna mtu amejiunganisha njiani ama mita ina tatizo. Hapo msifungue wala kugusa chochote, toeni taarifa TANESCO.

Mkishapata namba za kila chumba, msigawane kwa kukadiria tena. Kuna mita ndogo za ndani zinazouzwa Kariakoo, moja kila chumba, mnasoma Jumapili na kila mtu anachangia alichotumia. Hizo hazitawarudisha D1, luku tatu tu ndizo zinazoweza kufanya hivyo, lakini angalau utajua sehemu yako na utailipa.

Na hiyo hita ya ndoo: ichomoeni kwenye soketi kabla mtu hajatia mkono majini, hata kama swichi imezimwa. Swichi ya soketi hukata waya mmoja tu, na nyumba nyingi nilizoingia waya hizo zilikuwa zimegeuzwa.