Robert Plant kuurudia "Stairway to Heaven": jibu kutoka kwa mpiga gitaa

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini Robert Plant, mwimbaji wa bendi ya roki ya Uingereza Led Zeppelin, aliyeukwepa wimbo huu miaka yote hiyo, aliuimba Oktoba 2023. Pili, kuna faida gani kuusikia leo wakati sauti ile ya 1971 haipo tena. Waliotangulia wamesema ni kwa sababu ya hisani, wakaishia hapo. Mimi napiga gitaa nyuma ya mwimbaji mkongwe, na tumewahi kuufufua wimbo wake mmoja uliolala tangu ujana wake, kwa hiyo nitajibu kama mtu wa jukwaani.

Kwa wasiofuatilia: "Stairway" ulisikika hadharani kwa mara ya kwanza Machi 1971, Ulster Hall, Belfast, kabla hata albamu ya nne ya Led Zeppelin haijatoka Novemba mwaka huo. Waliupiga hadi 1980, mwaka aliofariki mpiga ngoma wao, John Bonham. Tangu hapo umeibuka mara chache tu: tamasha la Live Aid 1985, ukumbi wa Madison Square Garden 1988, ukumbi wa O2 wa London tarehe 10 Desemba 2007. Kisha kimya cha karibu miaka 16, mpaka usiku ule wa 2023 Oxfordshire, Uingereza, kwenye hafla ya kuchangia shirika la saratani, Cancer Awareness Trust. Aliyekuwa nyuma ya hafla ile ni Andy Taylor, mpiga gitaa wa zamani wa bendi ya Duran Duran, naye mwenyewe anaugua saratani ya tezi dume.

Watu wanadhani mkongwe huacha wimbo kwa sababu koo limechoka. Koo ni sehemu tu. Plant aliandika mashairi yale akiwa na miaka 22, na amesema wazi zaidi ya mara moja kwamba hayamgusi tena kama zamani. Amesimulia pia jinsi alivyoichangia fedha redio moja ya Portland, Marekani, iliyokuwa ikiomba michango huku ikiahidi kutoupiga tena wimbo huo. Halafu kuna Bonham. Ngoma kwenye "Stairway" haziingii hadi dakika nne zimepita. Mwimbaji amesimama pale muda wote huo akijua zinakuja, na aliyepaswa kuzipiga ni rafiki yake wa tangu ujana, hayupo. Anayesema "si aimbe tu, ni wimbo wake" hajawahi kusimama mahali pa namna hiyo.

Ndiyo maana naona safari ya kuurudia ilianza mapema, Desemba 2012, kwenye Kennedy Center Honors, tuzo za heshima za wasanii kule Marekani. Ann na Nancy Wilson wa bendi ya Heart waliuimba mbele ya Plant na wenzake wa Led Zeppelin, Jimmy Page na John Paul Jones, na mwenye ngoma alikuwa Jason Bonham, mtoto wa marehemu. Tazameni uso wa Plant kwenye picha zile: macho yamejaa machozi. Hayo ni maoni yangu, lakini naamini siku hiyo alipata nafasi ya kuusikia wimbo wake kama msikilizaji, bila mzigo wa kuufikisha mwisho.

Sasa upande wa kazi yenyewe. Tulipoanza mazoezi ya wimbo wa mzee wetu, shida ya kwanza ilikuwa ki, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo mzima unaimbwa. Kila mtu alisema tushushe, na kweli ilibidi. Ila gitaa la wimbo ule lilijengwa juu ya nyuzi zinazoachwa wazi zilie zenyewe, na ukihamisha vidole ili ushuke, milio ile inapotea, unabaki na wimbo mwingine wenye maneno yaleyale. Tulichofanya ni kulegeza nyuzi zote za gitaa kwa kiasi kilekile, vidole vikabaki palepale. Led Zeppelin nao walishusha baadhi ya nyimbo pale O2, kwa hiyo wanaowacheka wakongwe kwa kushusha ki wanacheka kitu ambacho ni ufundi.

Shida ya pili ilikuwa pumzi. Kijana huimba mstari mzima kwa pumzi moja. Mtu mzima anaukata katikati, na pale anapoukata panabadili maana. Mzee wetu aliacha neno moja lining'inie, akavuta pumzi, ndipo akamalizia. Bendi nzima ikasimama kumsubiri bila kuambiwa. Kwenye kaseti ya zamani mstari ule ulipita haraka kiasi kwamba sikuwahi kuusikia unasema nini. Tukaubakiza hivyohivyo, na mpiga ngoma akaambiwa asiikimbize sehemu ile hata kama mkono unamwasha.

Kwa hiyo ukitazama ile video ya 2023, usisubiri ile sehemu ya juu baada ya solo ya gitaa, ukapima kama ameifikia. Sikiliza beti za kabla ya solo. Akiwa na miaka 75 anazisema karibu kama mazungumzo, na yale maneno kuhusu njia mbili na muda wa kubadili mwelekeo yanatoka kwa mtu ambaye njia nyingi keshazipita. Akiwa na miaka 22 aliyabuni tu. Kwangu mimi hizo beti za 2023 ni bora kuliko za kwenye rekodi, na niko tayari kubishana na yeyote humu.

Plant si peke yake. Aprili 2016, Fresno, Marekani, Paul McCartney wa The Beatles alifungua ziara yake na "A Hard Day's Night", wimbo ambao hakuwa ameupiga jukwaani tangu 1965. Kwenye rekodi beti zinaimbwa na mwenzake wa The Beatles, John Lennon, McCartney anaingia katikati tu. Mwaka ule ilibidi abebe yote mawili, nafasi yake na ya rafiki aliyekufa. Zaidi ya hapo, enzi za The Beatles makelele ya mashabiki yalifunika kila kitu, wao wenyewe hawakujisikia. Watu wa Fresno waliusikia wimbo ule vizuri kuliko waliokuwa mbele ya jukwaa 1965. Na mwimbaji mkongwe Neil Young, 2024 kule San Diego, aliimba "Cortez the Killer" pamoja na ubeti uliokuwa umepotea tangu 1975, kwa sababu umeme ulikatika studio wakati wanarekodi. Huyo hakurudisha wimbo tu, aliumalizia.

Kuhusu hoja ya hisani: ndiyo, ilimfikisha pale, na sioni aibu yoyote. Mtu aliyekataa kwa miaka akikubali kwa ajili ya mgonjwa anayemjua, amepata sababu inayolingana na uzito wa wimbo. Ila anayetaka Plant auweke sasa kwenye ziara nzima, usiku baada ya usiku, simuungi mkono. Mzee wetu tulimwomba hivyohivyo baada ya onyesho, akakataa, na aliuimba tena pale tu alipotaka mwenyewe.