Kufuga supermoto Unguja

Mwezi uliopita nimesimama Mwanakwerekwe nasubiri chenji, kijana akaizunguka pikipiki yangu mara mbili kisha akaniuliza, “Kaka, hii inakula mafuta kiasi gani?” Nikamwambia tangi lake ni lita 10, na kisiwa chetu urefu wake kilomita 85 hivi. Mafuta hayajapata kunikosesha usingizi. Angeniuliza inakula nini kingine, tungekaa pale mpaka Magharibi.

Nina Suzuki DR-Z400SM, mwaka wa nne sasa. Kwa asiyeijua, supermoto ni pikipiki ya vumbini, ile ndefu yenye shokapu ndefu, iliyovuliwa magurudumu ya porini ikavishwa rimu za inchi 17, mipira ya lami na diski kubwa ya breki mbele. Mchezo wenyewe ulianza Marekani mwaka 1979 kwa ajili ya televisheni: waendeshaji wa mbio za lami, za udongo na za motokrosi walikutanishwa kwenye uwanja mmoja ili ijulikane nani mkali. Wafaransa wakaudaka baadaye. Sisi uwanja hatuna. Tuna barabara ya Jozani yenye matuta na kima punju wanaovuka bila kuangalia pembeni.

Wanaonifuata wengi wameona video za Husqvarna FS 450 wakapagawa. Ile ni ya mashindano. Matengenezo yake huhesabiwa kwa saa za injini, si kwa kilomita, na ukiifanya ya kuendea kazini utakuwa unaifungua kuliko unavyoipanda. KTM 690 SMC R ni ya barabarani kweli, ina nguvu za farasi zaidi ya 70, lakini imejaa umeme na sensa. Ikikugomea Makunduchi, kwanza umtafute mwenye kompyuta ya kuisoma. Yangu ina cc 398, gia tano tu, na kabureta. Wenye haraka wanaicheka. Ila fundi yeyote aliyewahi kufungua kabureta ya Vespa hapa mjini anaitazama anaelewa pa kuanzia, na kwangu hilo lina thamani kuliko farasi thelathini za ziada.

Sasa chumvi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nalala Jambiani kila mwisho wa wiki, pikipiki nje, hatua hamsini kutoka ufukweni. Kusi ikivuma, asubuhi unapitisha kidole kwenye siti ukikilamba ni chumvi tupu. Nikajiona mjanja: kila Jumapili kabla ya kurudi mjini naiosha kwa ndoo nne za maji ya kisima. Miezi mitano haikwisha, vichwa vya spoku za nyuma vimeota kutu, na nilipojaribu kukaza moja ikanikatikia mkononi. Nikaipeleka kwa fundi wangu, mzee asiye na haraka, akaniuliza naiosha kwa maji ya wapi. Nikamwambia. Alicheka mpaka akakaa chini. “Visima vya kule ukipikia wali hutii chumvi, mwanangu. Wewe umeiosha au umefanya ng'onda?”

Siku hizi naiosha nikifika mjini, kwa maji ya bomba, injini ikishapoa. Pampu ya kuoshea magari siisogezi karibu na beringi za magurudumu wala viungo vya shokapu ya nyuma, maana maji yanaingia na girisi inatoka. Nikimaliza nazunguka nayo dakika kumi ikauke, ndipo cheni ipate oili. Kabla ya masika ekseli zote mbili zinatoka, zinafutwa, zinapakwa girisi, zinarudi. Na boliti ya chuma iliyoingia kwenye alumini usiirudishe kavu hata siku moja. Vyuma hivyo viwili vikipata maji ya chumvi kati yao vinalana, na mwaka wa pili utaikata kwa msumeno. Kwenye viungo vya nyaya natia girisi ya silikoni.

Oili ndiyo iliyonitia aibu. DR-Z haiweki oili yote chini ya injini kama bodaboda; ina tangi lake ndani ya fremu, na pikipiki ikilala, oili hushuka taratibu ikajikusanya ndani ya injini. Mimi asubuhi nachomoa kijiti cha kupimia oili, kikavu! Moyo ukaniruka, nikamimina karibu lita nzima. Sijafika Bububu moshi wa buluu unanifuata na boksi la filta ya hewa linachuruzika mpaka kwenye kiatu. Injini ilipona. Inavyotakiwa ni hivi: iwashe ipate joto, iache ingurume dakika tatu, zima, subiri tatu nyingine, iwe imesimama wima wala isiegemee stendi, halafu ndiyo upime. Kubadilisha pamoja na filta inachukua lita 1.8. Kitabu kinaruhusu kwenda mbali zaidi, lakini mimi nabadilisha kila kilomita 2,000, kwa safari zetu fupi fupi na joto hili. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, alama ya oili ya pikipiki ambayo klachi yake inaoga humo humo. Oili ya gari inaweza kukutelezesha klachi.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, nayo hewa yetu ni maji nusu, kwa hiyo yanabadilishwa kila mwaka hata kama pedi bado nene. Petroli ya kwenye chupa naipita, nimeshakuta maji kwenye bakuli la kabureta mara moja na imetosha. Mipira hii haina meno, ikikuta mchanga uliopeperukia kwenye kona ya Paje haina msamaha. Na ekzosi: ukiingia vichochoroni Mji Mkongwe, zima usukume. Watu wanasali, wagonjwa wamelala, na bibi wa ghorofani ana maji ya vyombo karibu.

Spea nunua kabla ya pikipiki. Nilikuwa na kebo ya klachi, gasketi, pedi, filta na beringi kabatini wakati mashine yenyewe iko bandarini, na watu wakaniona nimechanganyikiwa. Kilichonishinda ni valvu. Za kuingiza hewa nafasi yake ni milimita 0.10 hadi 0.20, za kutolea moshi 0.20 hadi 0.30, na moja ya moshi nimeipima imefika 0.19. Shimu yake, kile kisahani chembamba cha kurekebishia nafasi hiyo, niliagiza Rajabu, imefika baada ya Idi, na saizi siyo. Pikipiki iko ukumbini kwa mama, imefunikwa shuka, na mama keshaanza kuianikia kanga.