Binti Amekosa Uhusika, Mama Ndiye Haambiliki

"Shangazi, pokea salamu zangu. Binti yangu yuko Gredi ya 9 na ana kipaji cha kuigiza tangu utotoni. Mwezi wa Februari chama cha drama shuleni mwao kilifanya mchujo wa mchezo utakaokwenda kwenye tamasha, nasi tulikuwa tumejiandaa kwa nafasi ya malkia, hata kanzu nilikwisha kumshonea. Tulikosa. Mwalimu alimpa msichana ambaye sauti yake haifiki safu ya pili, na binti yangu akafanywa kijakazi mwenye mistari minne. Nimemwandikia mwalimu mkuu kulalamikia upendeleo. Mume wangu, badala ya kuniunga mkono, ananiambia niyaache ya watoto, na jioni ile ile alimchukua binti wakaenda kula chipsi kana kwamba kuna sherehe. Binti hali vizuri, hazungumzi nami, na nahofia atakosa mkondo wa sanaa katika sekondari ya juu. Nifanyeje na mume asiyejali? Mama Aliyeumia, Nakuru."

Mama mwenzangu, pole. Kumwona mtoto akirudi nyumbani macho yamevimba ni jambo linalochoma, wala sitakucheka kwa hilo.

Hata hivyo, barua yako nimeisoma mara tatu na nimeona kwamba unasema "tulikuwa tumejiandaa", kisha unasema "tulikosa", ilhali aliyesimama mbele ya mwalimu alikuwa mtu mmoja, mwenye umri wa miaka kumi na kitu. Unanieleza pia kwamba sauti ya yule msichana haifiki safu ya pili. Uliisikia wapi, ikiwa mchujo hufanyika darasani baada ya masomo na wazazi hawaalikwi? Ama ulisimama dirishani, ama umemkalisha binti yako chini ukamhoji mpaka akakupa kasoro ya mwenzake ili umwachie akalale. Katika barua nzima hakuna neno hata moja alilolisema yeye mwenyewe, na nashuku kwamba kilichomfunga mdomo si kukosa umalkia.

Mumeo simwoni kuwa asiyejali. Alimtoa mtoto katika nyumba iliyokuwa na msiba wa malkia, akampeleka mahali ambapo angeweza kuitazama sahani badala ya uso wa mzazi aliyekata tamaa. Wanaume wengi hawajui kufariji kwa maneno, na huyu amejua kufariji kwa viazi, mshukuru. Siku hizi tumekuwa na ndoa ambazo mke hupima mapenzi ya mume kwa ukali anaouonyesha dhidi ya watu wa nje, hivi kwamba asiyekubali kugombana na mwalimu huhesabiwa kuwa msaliti, na mtoto wao hugeuzwa kombe la kushindaniwa na wazazi wa darasa zima. Mumeo amekataa kuingia katika mashindano hayo, nami niko upande wake.

Kuhusu mwalimu, fahamu kwamba kugawa nafasi katika mchezo si kutoa zawadi kwa mwenye kipaji kikubwa zaidi. Mwalimu hutazama kimo cha malkia akisimama kando ya mfalme, huangalia nani huhifadhi maneno na nani hakosi mazoezi, na huwaza kama kikundi kitastahimili safari ya kutoka ngazi za chini hadi kaunti, kisha kanda, na hatimaye tamasha la kitaifa mwezi wa Aprili. Katika safari hiyo kuna anayeugua na kuna anayehama shule, na kijakazi anayejua mistari ya kila mtu ndiye huitwa kwanza. Isitoshe, tamasha hilo lina mashairi ya kikundi na ya mtu mmoja, usimulizi na ngoma, na wanaochagua washiriki wa fani hizo mara nyingi ni walimu wale wale. Wahenga walituonya tusiwatukane wakunga na uzazi ungalipo, nawe barua umekwisha kuipeleka kwa mwalimu mkuu.

Hofu yako ya mkondo haina msingi. Nafasi za sekondari ya juu hutolewa kwa kuzingatia uchaguzi wa mwanafunzi na alama zake, ambapo mtihani wa KJSEA wa mwisho wa Gredi ya 9 huchangia asilimia 60, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KPSEA, tathmini ya kumaliza shule ya msingi katika Gredi ya 6, asilimia 20. Mistari minne ya kijakazi haimo katika hesabu hiyo.

Basi, mwache binti ahuzunike siku zake bila kumhimiza, na usithubutu kumwambia kwamba yeye ni bora kuliko aliyechaguliwa, kwa kuwa kesho watafanya mazoezi pamoja na maneno hayo yatamtoka usoni. Akitaka kujua alipopungukiwa, aende kwa mwalimu mwenyewe, kwa miguu yake na kwa maswali yake. Atakapoanza kuzungumza nawe, muulize kama umalkia aliutaka yeye, kisha unyamaze mpaka amalize kujibu, hata kama jibu litakuuma. Kwa mwalimu mkuu rudi ana kwa ana, uombe malalamiko yale yafutwe kabla mwalimu wa drama hajaanza kuitwa ofisini kwa ajili yako.

Imebaki ile kanzu, ambayo kwa kweli uliikata mwana hajazaliwa. Mpe binti aipeleke shuleni iingie katika mavazi ya kikundi, bila kijikaratasi cha kutaja aliyeishona, na kama yule msichana ni mnene kidogo kuliko wako, fumua mishono ya ubavuni kabla hujaikunja.