Maswali ya Wasomaji: Kinachoachana Maji Yanapochemka

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne mkoani Tanga. Maji yanapochemka, je, yale mapovu ni haidrojeni na oksijeni zilizoachana? Kama sivyo, kwa nini haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza, ni gesi, ilhali molekuli yake ni nzito karibu mara mbili ya molekuli ya maji?

JIBU: La, si haidrojeni wala oksijeni. Vipovu vidogo vinavyojitokeza mapema kwenye kuta za sufuria, kabla maji hayajachemka, ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji na sasa inafukuzwa na joto. Mapovu makubwa yanayofuata, yanayopanda kutoka chini na kupasuka juu, ni mvuke, yaani maji yaleyale ambayo kila molekuli yake bado ina atomi mbili za haidrojeni zilizoshikana na moja ya oksijeni. Kama zingekuwa gesi hizo mbili zimechanganyika juu ya makaa ya moto, hakuna nyumba ambayo ingethubutu kuinjika chai, kwa kuwa mchanganyiko huo hulipuka.

Wanaokosea hapa huwa wanachanganya mishikamano miwili iliyo mbalimbali. Upo ule wa ndani ya molekuli, ambao atomi hufungana kwa kuchangia elektroni, na upo ule wa kati ya molekuli moja na jirani yake. Kuzigeuza gramu 18 za maji yaliyofikia nyuzi 100 ziwe mvuke kunahitaji takribani kilojuli 41. Kuzitenga atomi zote za mvuke huo zisishikane kabisa kunahitaji zaidi ya kilojuli 900. Jiko la mkaa linaimudu kazi ya kwanza, lakini ya pili inalishinda.

Sasa tuje kwenye gesi yako. Salfa imo katika kundi moja na oksijeni, pamoja na seleniamu na teluriamu, na zote huungana na atomi mbili za haidrojeni. Kampaundi ya teluriamu huchemka kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri, ya seleniamu nyuzi 41 chini ya sifuri, na ya salfa nyuzi 60 chini ya sifuri. Uzito ukipungua, kiwango cha kuchemka nacho hushuka. Kwa mwendo huo maji, yaliyo mepesi kuliko zote, yangepaswa kuchemka kwenye baridi kali zaidi ya hiyo, nasi tusingekuwa na mto wala bahari. Yanayoyaokoa ni mambo mawili. Kwanza, oksijeni huvutia elektroni kwa nguvu kubwa, hivyo upande wake huwa hasi kidogo na haidrojeni hubaki chanya kidogo, na haidrojeni hiyo hunasa kwenye oksijeni ya molekuli jirani kwa kile kinachoitwa bondi ya haidrojeni. Salfa, yenye atomi kubwa zaidi na mvuto hafifu, haiwezi kufanya hivyo kwa kiasi cha maana. Pili ni umbo: molekuli ya maji imepinda kwa pembe ya nyuzi 104.5, kwa hiyo upande hasi na upande chanya havifutani. Linganisha na kaboni dioksaidi, ambayo oksijeni zake mbili zimekaa kwenye mstari ulionyooka na kuvuta sawasawa pande mbili. Mivuto hiyo hufutana, nayo hubaki gesi ingawa uzito wake ni 44 dhidi ya 18 za maji.

Ukichora, bondi ya haidrojeni iwe mstari wa nukta kati ya molekuli mbili. Wanaoiweka ndani ya molekuli moja ni wengi kuliko inavyostahili.

SWALI: Nilinunua mafuta ya nazi Pangani nikayapeleka Lushoto. Mwezi wa saba yaliganda yakawa meupe kama nta, wakati chupa ya alizeti iliyokuwa kando yake haikubadilika. Je, yamechakachuliwa?

JIBU: Kuganda huko si dalili ya kuchakachuliwa. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi. Karibu nusu ya asidi zake za mafuta ni asidi ya loriki, yenye mnyororo wa kaboni ulionyooka, na minyororo iliyonyooka hulala sambamba kama njiti ndani ya kiberiti. Ikikaribiana hivyo, mivuto midogo ya muda kati ya elektroni za jirani na jirani, ambayo mwanafizikia Fritz London aliieleza mwaka 1930, hujumlika ikawa na nguvu ya kutosha. Minyororo ya alizeti ina bondi maradufu, yaani sehemu ambazo kaboni mbili zimeshikana mara mbili, zinazoipinda, kwa hiyo haipangiki vizuri. Tofauti hiyo si ndogo: asidi ya stiariki na asidi ya oleiki zote zina kaboni 18, lakini ya kwanza, iliyonyooka, huyeyuka kwenye nyuzi 69, na ya pili, yenye kipindo kimoja tu, kwenye nyuzi 13 hivi.

Hata hivyo, usiuchukulie mgando huo kuwa uthibitisho wa usafi. Mafuta ya kokwa za mchikichi nayo yana asidi ya loriki karibu nusu, na kwenye baridi ya Lushoto yangeganda vivyo hivyo.