Manga na Anime kwa Wanaoanza: Maswali Yenu na Majibu

Mwezi uliopita, katika makala iliyohusu vibonzo, niligusia manga ya Kijapani kwa aya moja tu, nikasema kwamba ndiyo iliyonifundisha kuitazama picha kwa utulivu. Maswali yaliyofuata yalikuwa mengi, na mengi yalitoka kwa watu ambao hawajawahi kufungua hata ukurasa mmoja. Hao ndio ninaowajibu leo.

Swali: Naona maneno manga na anime yakitumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Tofauti ni ipi, na kwa nini tusiseme katuni tu? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Manga ni hadithi ya michoro iliyochapishwa, yaani vibonzo, anime ni michoro inayotembea kwenye skrini. Wajapani wenyewe hulitumia neno anime kwa katuni ya nchi yoyote, na ni sisi wa nje tulioliwekea mpaka likabaki na maana ya katuni za Japani peke yake. Ukisema katuni hujakosea, ila kwetu neno hilo limezoeleka kuwa la watoto, na mtu mzima akilisikia hupita bila kugeuka.

Uhusiano wa viwili hivyo huanzia kwenye jarida. Mchoraji hutoa hadithi yake sura kwa sura, kila wiki au kila mwezi, katika jarida nene lililochapwa kwa wino mmoja kwenye karatasi ya bei nafuu, ambalo mtu anaweza kulinunua asubuhi, akalisoma ndani ya treni, akaachana nalo. Jarida la Weekly Shonen Jump, lililoanza mwaka 1968, lilifikia zaidi ya nakala milioni 6 kwa toleo moja katikati ya miaka ya 1990. Wasomaji hutuma maoni yao, na hadithi isiyopendwa hukatizwa bila huruma. Inayodumu hukusanywa katika juzuu, na juzuu zikiuzwa vizuri ndipo studio hufikiria kuigeuza anime. Kwa hiyo anime nyingi unazoziona zimekwisha kupita katika chekeche la wasomaji kabla hazijakufikia.

Muonekano wa anime nao una historia. Tarehe 1 Januari 1963 televisheni ya Japani ilianza kuonyesha Tetsuwan Atomu, hadithi ya mtoto roboti iliyotokana na manga ya Tezuka Osamu, mtu aliyesomea udaktari kisha akayatoa maisha yake kwa uchoraji. Kutengeneza kipindi cha nusu saa kila wiki kwa fedha kidogo hakukuruhusu kila mjongeo uchorwe, hivyo studio yake ilitumia michoro michache, ikairudia pale ilipofaa, na mara nyingi ikaacha uso utulie huku mdomo tu ukichezacheza. Ukimwona leo mhusika amesimama wima, nywele zikipepea, nasi tukiyasikia mawazo yake, jua kwamba uamuzi ule bado unafanya kazi.

Swali: Rafiki yangu ameniazima juzuu la manga. Nikilifungua naona limeanzia mwisho. Linasomwaje? (Msomaji, Lamu)

Jibu: Kijapani cha vitabuni huandikwa kutoka juu kwenda chini, na mistari hufuatana kutoka kulia kwenda kushoto, ndiyo maana kitabu hufunguliwa upande ambao wengi wetu tungeuita wa nyuma. Wewe uliye Lamu huna ugeni na jambo hili: msahafu hufunguliwa vivyo hivyo, na tenzi za pwani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zilisomwa kwa mwelekeo huo kwa karne nyingi. Anza na fremu ya juu kulia, elekea kushoto, kisha shuka kwenye safu inayofuata. Na ndani ya fremu, kiputo cha maneno kilicho kulia ndicho kinachosemwa kwanza. Ukimaliza sura mbili hivi jicho litakuwa limezoea.

Lakini nakusihi usikimbilie viputo. Kijapani kina utajiri mkubwa wa tanakali za sauti, na mchoraji huzichora kama sehemu ya picha: zaa zaa ni mvua kubwa, doki doki ni moyo unaodunda, kira kira ni kitu kinachometameta, na shiin ni sauti ya ukimya wenyewe. Wageni wengi hushangaa ukimya uwe na sauti. Sisi tunaosema kimya jii, nyeupe pepepe na akaanguka pu hatuna sababu ya kushangaa. Tazama ukurasa wa mapambano: fremu zimeinama, mistari ya kasi inakimbilia mahali pamoja, herufi za kishindo zimepasuka kingo, unafungua ukurasa wa pili, unakuta uso mmoja tu, mkubwa, bila neno lolote. Hapo mchoraji anakuomba usimame, nawe msomaji ndiye unayeamua kimya hicho kidumu kwa muda gani, uhuru ambao anime haiwezi kukupa.

Swali: Shikamoo. Kwa nini wahusika huongeza san, kun au sensei baada ya jina? Na majina yao nitayatamkaje? (Mwanafunzi, Bukoba)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mjapani hamwiti mtu jina kavu bila sababu. San ni heshima ya kawaida kwa mtu yeyote. Kun hutumiwa zaidi kwa kijana wa kiume. Chan ni kwa mtoto au mtu wa karibu sana. Senpai ni aliyekutangulia shuleni au kazini. Sensei huitwa mwalimu, daktari na hata mchoraji wa manga, na katika nchi ambayo mkuu wake wa kwanza aliitwa Mwalimu mpaka leo, sina haja ya kueleza jinsi kazi inavyogeuka cheo cha mapenzi. Vilevile oniisan ni kaka na oneesan ni dada, nao huwaita hivyo hata vijana wasiowafahamu, kama tufanyavyo sisi sokoni na kwenye daladala.

Tafsiri za Kiingereza mara nyingi huyaacha maneno haya: sikio linasikia oniisan, na maandishi chini ya skrini yanaonyesha jina tupu. Ndiyo sababu ninapendelea kutazama kwa sauti ya Kijapani. Ukimsikia msichana ambaye vipindi kumi vizima amemwita mwenzake kwa jina la ukoo na san, kisha siku moja akamwita kwa jina lake la kuzaliwa bila chochote, umeshuhudia tukio kubwa, hata kama kwenye skrini hakuna kilichosogea.

Kuhusu matamshi, umebahatika. Kijapani kina vokali tano kama zetu, na silabi zake karibu zote huishia na vokali, kwa hiyo Sakura, Kakashi na Naruto unayasoma yalivyoandikwa. Kumbuka tu kwamba jina la ukoo hutangulia. Tezuka niliyemtaja juu ni wa ukoo wa Tezuka, na Osamu ndilo jina lake.

Swali: Mwanangu ana miaka 9, anataka kutazama anime kama binamu zake. Nyingine nimeona zina damu. Nimkataze? (Mama, Morogoro)

Jibu: Dada yangu, usimkataze, wala usimwachie rimoti. Wajapani hupanga manga kwa kumtazama msomaji anayelengwa: kodomo ni za watoto wadogo, shonen za wavulana wanaokaribia au walio katika ujana, shojo za wasichana wa rika hilo, seinen na josei za wanaume na wanawake watu wazima. Majina hayo yanaeleza jarida liliuzwa kwa nani, hayathibitishi kwamba hadithi ni salama, na hadithi nyingi za shonen zina mapigano ambayo mimi nisingempa mtoto wa miaka 9.

Anza na Doraemon, paka roboti aliyetoka karne ya 22, ambaye mfukoni mwake hutoka vifaa vya ajabu vinavyomponza mvulana mvivu badala ya kumwokoa. Kisha kaa naye mtazame filamu ya Miyazaki Hayao ya mwaka 1988, Tonari no Totoro, inayojulikana zaidi kama My Neighbor Totoro. Haina adui hata mmoja. Watoto wawili, Satsuki na Mei, wamehamia shamba na baba yao ili wawe karibu na hospitali alikolazwa mama. Jioni moja ya mvua wanamsubiri baba kituo cha basi, na kiumbe mkubwa wa msituni anakuja kusimama kando yao, jani limewekwa kichwani. Satsuki anampa mwavuli. Matone yanadondoka juu ya mwavuli, kiumbe anayasikia, anafurahi, anaruka mara moja kwa uzito wake wote, na maji yote ya mitini yanamwagika kwa pamoja. Mtoto yeyote atacheka. Atafurahi pia kwamba jina Totoro linafanana na neno lake mwenyewe, maana sisi husema giza totoro. Maneno hayo hayana undugu wowote, kwani katika filamu Mei anakosea tu kulitamka jina la zimwi la kitabuni, lakini wanangu hawalisahau.

Nakuonya jambo moja. Siku ileile ya Aprili 1988 majumba ya sinema ya Japani yalionyesha pamoja nayo filamu ya Takahata Isao, Hotaru no Haka, kuhusu kaka na dada yake mdogo wanaobaki peke yao baada ya Kobe kuteketezwa kwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili. Wahusika ni watoto na michoro ni mizuri mno, lakini ni filamu ya njaa na kifo. Itazame wewe kwanza, na usiitazame usiku ukiwa peke yako.

Swali: Nina miaka 61. Nilichokiona kwa wajukuu ni kelele na ngumi. Kuna chochote cha mtu kama mimi? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Kipo, tena kingi. Kama unapenda hadithi za upelelezi, tafuta Monster ya Urasawa Naoki, juzuu 18 zilizotoka kati ya 1994 na 2001. Daktari wa Kijapani aliyeko Düsseldorf, Ujerumani, anaamriwa amwache mgonjwa aliyetangulia, kibarua kutoka Uturuki, ili akampasue mwimbaji maarufu. Kibarua anafariki, na mjane wake anamlilia daktari kifuani. Safari inayofuata daktari anakataa kumpisha meya na kumwokoa mtoto aliyepigwa risasi kichwani. Mtoto huyo anakua kuwa muuaji. Hadithi nzima inalibeba swali hilo moja, iwapo uhai una daraja, na hakuna anayepiga kelele.

Kama unapenda utulivu zaidi, tazama Sen to Chihiro no Kamikakushi ya Miyazaki, iliyotoka mwaka 2001 na kupata tuzo ya Oscar mwaka 2003 kwa jina la Spirited Away. Msichana wa miaka kumi anafanya kazi katika nyumba ya maji moto ya mizimu ili awaokoe wazazi wake waliogeuzwa nguruwe. Karibu na mwisho anapanda treni inayopita juu ya maji. Abiria ni vivuli. Wanashuka vituoni mmoja mmoja, nje kunaingia jioni, na kwa dakika kadhaa hakuna linalotokea. Wajapani wana neno ma kwa nafasi hiyo iliyo tupu kati ya tendo na tendo, na kwangu mimi dakika zile za treni ndizo zinazofanya filamu ile isifanane na nyingine.

Studio iliyoitengeneza, Ghibli, ilianzishwa mwaka 1985 na ilipewa jina la ndege ya Kiitaliano, ambayo nayo ilipewa jina la upepo wa joto wa jangwa la Libya. Neno hilo la Kiarabu linatokana na kibla, kibla ileile tunayoelekea tukiswali.

Swali: Utotoni hapa Maskati nilitazama Kabtin Majid kwa Kiarabu. Je, nayo ni anime? (Msomaji, Maskati)

Jibu: Naam, na ulianza zamani kuliko unavyodhani. Majid ni Ozora Tsubasa wa Captain Tsubasa, manga ya Takahashi Yoichi iliyoanza mwaka 1981, na uwanja ule usiokwisha, ambamo mpira unaweza kukaa hewani kipindi kizima, ulitoka humo. Mapenzi ya Waarabu kwake yalikuwa makubwa hivi kwamba mwaka 2004, Wajapani walipopeleka malori ya maji Samawah nchini Iraq, waliyabandika picha za Tsubasa ili watu wayatambue kwa wema.

Swali: Kila mtu ananitajia One Piece, nikakuta ina vipindi zaidi ya 1,000. Nianzie wapi? (Msomaji, Kampala)

Jibu: Usianzie hapo, ingawa naipenda. Anza na hadithi yenye mwisho. Mimi hupendekeza Fullmetal Alchemist ya Arakawa Hiromu, mwanamke aliyekulia katika shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido. Ndugu wawili wanajaribu kumfufua mama yao, na mmoja anapoteza mkono na mguu, mwingine mwili mzima. Chagua toleo la mwaka 2009, lenye vipindi 64, kwa sababu lile la mwaka 2003 liliifikia manga kabla haijaisha likalazimika kujitungia njia yake. Tatizo hilohilo ndilo linaloijaza anime ya Naruto vipindi visivyomo katika manga; hivyo waweza kuviruka bila kupoteza uzi wa hadithi.

Swali: Bando ni ghali na sitaki kusoma nakala za wizi. Nifanyeje? (Msomaji, Kigoma)

Jibu: Soma manga kabla ya anime, kwani sura ya picha hula bando kidogo kuliko video. Wachapishaji wa Shonen Jump wana programu iitwayo Manga Plus, iliyoanza Januari 2019, inayotoa bure sura za mwanzo na za karibuni za hadithi zao nyingi, kwa Kiingereza, Kifaransa na lugha nyingine kadhaa. Sura tatu za mwanzo zinatosha kukuonyesha kama hadithi inakufaa.